Kulikata Neno Mahali Pake

Katika fani zote za mwalimu wa lugha, sioni iliyo na adabu kubwa kuliko hii ya kulikata neno la Kiingereza silabi kwa silabi, ulimi upate kulitamka sawasawa na mkono upate kuliandika bila ya hofu. Mswahili, ambaye silabi zake aghalabu huishia kwa irabu, na ambaye malenga wake wamezihesabu kwa mizani tangu kale, aweza kudhani kazi hii nyepesi, mpaka akutane na neno kama "strength", lenye herufi nane na irabu moja, nalo zima ni silabi moja tu.

Mwaka 1783, huko Hartford katika Connecticut, mwalimu kijana Noah Webster alitoa kitabu cha tahajia ambacho baadaye kilijulikana Marekani nzima kwa jalada lake la buluu. Kabla yake watoto walisomeshwa kwa kitabu cha Mwingereza Thomas Dilworth, kilichowafundisha kukata "ha-bit" na "clu-ster" kwa kutii kanuni, ingawa ulimi haukutamka hivyo. Webster alilipa sikio hukumu. Alikata "hab-it" na "clus-ter", kama seremala apasuaye ubao kwa kufuata nyuzi zake, kwa kuwa mtoto aonapo b imeifunga silabi hufahamu, pasipo kuambiwa, kwamba a iliyoitangulia ni fupi. Na ile "-tion", iliyokuwa ikigawanywa silabi mbili, akaiacha nzima kama isikikavyo. Wako Waingereza wapendao kukata neno kwa kufuata asili yake, nao wana hoja. Lakini hoja hiyo yamfaa mwanachuoni kuliko mwanafunzi.

Hata shadda hudhihirika hapo neno linapokatwa: "rec-ord" ni jina na "re-cord" ni kitendo, na herufi ni zilezile.

Kitabu hicho cha Webster ndicho Frederick Douglass, alipokuwa mtumwa mdogo mjini Baltimore, na bwana wake amekwisha kukataza asifundishwe kusoma, alichokichukua mfukoni, akiwaomba watoto wa Kizungu wa mtaani wamsomeshe kwa ujira wa mkate. Alipotumwa alikwenda mbio, ili kabla ya kurudi abakiwe na muda wa somo moja. Na kwa mwanafunzi wa namna hiyo, neno refu lililokwisha kukatwa vipande vya haki lilikuwa neno liwezalo kusomwa njiani.