“Weka SSD Tu”: Ushauri Unaoruka Hatua ya Kupima

Muulize mtu yeyote mwenye uzoefu kidogo wa kompyuta kwa nini mashine yako ya kuediti video inasota. Jibu linakuja kabla hujamaliza swali: “Weka SSD tu, mambo yataenda.” Wa pili atakwambia ongeza RAM. Wa tatu ataapa kwamba shida ni kadi ya picha. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi siku fulani, kwa mashine fulani. Lakini wote watatu wameandika dawa bila kumpima mgonjwa, na hicho ndicho tunachokikosoa leo. SSD ni kifaa kizuri sana. Ushauri wa kuiweka bila kuuliza swali lolote ndio mbovu.

Ubovu wenyewe unauma zaidi ukiwa mbali na maduka. Fikiria fundi video wa Mugoma, kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Kazi zake ni harusi, sendoff, kipaimara na wakati mwingine mazishi. Kifaa cha maana cha kompyuta mara nyingi kinafuatwa Kahama au Mwanza. Akinunua kisichohitajika, hawezi kukirudisha kesho asubuhi. Amepoteza hela ya kifaa, nauli, siku ya kazi, na maharusi bado wanapiga simu kuulizia video yao. Kwa hiyo swali la “nibadilishe nini kwanza?” kwake lina uzito kuliko kwa mtu anayeishi jirani na Kariakoo.

Hesabu ya Amdahl

Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alitoa hoja ambayo leo inafundishwa katika kozi nyingi za kompyuta. Kwa lugha ya mtaani inasema hivi: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa inachukua.

Tuchukue mfano. Unatoa video ya mwisho ya harusi na kazi inachukua dakika 100. Tuseme 80 kati ya hizo prosesa inafungua na kufunga picha, 12 inapaka rangi na kuweka maandishi, na 8 inasubiri diski. Sasa unanunua diski yenye kasi mara 10. Zile dakika 8 zinakuwa 0.8. Jumla: 92.8. Umetumia akiba yako yote kuokoa dakika 7 na ushee. Lakini kama prosesa yako ina sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video, na ulikuwa hujaiwasha kwenye programu, kuiwasha kunaweza kupunguza zile 80. Zikifika 40, kazi nzima inaisha kwa dakika 60. Gharama: sifuri.

Hizo ni namba za mfano, kwenye mashine yako zitakuwa nyingine. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Bila kuzijua namba zako, huwezi kujua hela yako iende wapi.

Kwa nini diski husingiziwa

Kamera nyingi za kisasa zikirekodi 4K hutoa video ya megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde. Hadidiski ya kawaida ya mizunguko 7,200 kwa dakika, ikisoma faili moja mfululizo, inatoa megabaiti 120 hadi 200 kwa sekunde. Yaani hadidiski ile tunayoidharau inaweza kuilisha video hiyo mara 9 na zaidi. Kwa video moja kwenye taimulaini, diski siyo inayokwamisha.

Anayehenya ni prosesa. Video za H.264 na H.265 hazihifadhi kila fremu nzima. Ni kama kumbukumbu za kikao cha kijiji zilizoandikwa kivivu: “kama kikao kilichopita, isipokuwa ajenda ya 3.” Ili uelewe kikao cha leo, lazima ufungue cha juzi, na cha kabla yake, mpaka ufikie kile kilichoandikwa chote. Video hufanya hivyo hivyo: fremu moja kamili, kisha fremu nyingi zinazotaja tofauti tu. Ukicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna taabu. Lakini kuediti ni kurukaruka. Kila ukiruka, prosesa inarudi nyuma kutafuta fremu kamili, halafu inapiga hesabu mpaka ifike ulipo. Ukiweka SSD yenye kasi ya ajabu, hesabu ile inabaki palepale.

Kuna kesi nyingine ya kusingiziwa. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia baadhi ya vitu kwenye diski. Mtu anaona taa ya diski inawaka bila kupumzika, anasema “diski imechoka.” Haijachoka. Inafanya kazi ya RAM juu ya kazi yake. Hapo SSD itapunguza maumivu, sikatai, lakini tiba ni RAM, au kufunga kivinjari chenye kurasa 30 ulichokiacha wazi nyuma.

Pale ushauri unapokuwa sahihi

Tuwe waadilifu. Zipo hali ambazo “weka SSD” ni jibu la kisayansi kabisa, na hesabu yake inavutia.

Hadidiski ina mkono unaotembea juu ya sahani inayozunguka. Kila ukiomba kitu kilicho sehemu nyingine, mkono usogee, kiasi cha milisekunde 9, halafu sahani izunguke mpaka kitu kifike chini yake, wastani wa nusu mzunguko, milisekunde 4.17. Jumla ni kama 13. Sasa tuseme umeweka kamera tatu kwenye taimulaini, zote ziko diski moja, na mfumo unasoma kipande cha robo megabaiti hapa, unaruka pale, unarudi tena hapa. Kusoma kipande, kwa kasi ya megabaiti 150, kunachukua milisekunde 1.7. Kuruka, 13. Kasi halisi inaporomoka hadi kama megabaiti 17 kwa sekunde. Kamera tatu za 4K zinataka 37.5. Hapo picha lazima zikatike. Kwa hadidiski za laptop, ambazo nyingi ni za mizunguko 5,400, hali ni mbaya zaidi.

SSD haina mkono. Kurukaruka kwake ni karibu milisekunde 0.1. Kwa hiyo mwenye kamera nyingi, au aliyeweka Windows, video na kashe (ghala la muda la programu) kwenye hadidiski moja, akiambiwa “weka SSD” ameambiwa vizuri. Kasoro ni kwamba aliyemwambia hakujua kama yumo kwenye kundi hilo.

Lawama kwa watengenezaji pia

Tusiwalaumu mafundi wa mtaani peke yao. Angalia maelezo ya Adobe kuhusu Premiere Pro: RAM ya GB 16 kwa video za HD, GB 32 au zaidi kwa 4K, SSD ya ndani kwa ajili ya programu na kashe, na diski nyingine za kasi kwa ajili ya video. Hakuna uongo hapo. Ila orodha hiyo inamfaa mtu anayenunua kila kitu kwa mkupuo. Mwenye hela ya kitu kimoja haimwambii aanze na kipi.

Maboksi ya SSD nayo yanasema “hadi” megabaiti 3,500 kwa sekunde. Neno linalobeba mzigo hapo ni “hadi”. SSD nyingi za bei ndogo zina eneo dogo la kasi. Likijaa katikati ya kunakili faili kubwa, kasi inashuka ghafla, na wakati mwingine inakuwa chini ya hadidiski. Ukiijaza SSD karibu na ukomo, inazidi kuchoka. Na kama kompyuta yako ina nafasi ya SATA tu, kikomo chako ni kama megabaiti 550, hata ungenunua ya bei mbaya kiasi gani.

Kupima, bila kununua chochote

Kwanza, fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, kisha cheza kipande cha video kwenye taimulaini bila kuweka athari yoyote. Prosesa ikiwa 100% na diski 10%, shida ni kufungua picha. Diski ikiwa 100% na RAM ina nafasi, shida ni diski. Diski 100% na RAM 95%, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM.

Pili, chukua dakika moja ileile ya kazi yako, itoe, andika muda. Kisha badilisha kitu kimoja tu: hamishia video diski nyingine, au washa sehemu maalumu ya video kwenye mipangilio. Toa tena, linganisha. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Na uiwashe kompyuta upya kila kabla ya jaribio, maana Windows hukumbuka faili ulizosoma karibuni na kuzitoa kwenye RAM. Jaribio la pili litaonekana la kasi bila sababu.

Tatu, angalia kama kazi inaanza vizuri halafu inazorota baada ya dakika chache. Hiyo mara nyingi ni joto: prosesa inajipunguza kasi isiungue. Vumbi jekundu la kiangazi likiziba feni, brashi ndogo itafanya kazi kuliko kifaa kipya. Hakikisha pia laptop iko kwenye chaja, kwa sababu nyingi hujibana zikiwa kwenye betri.

Nne, angalia waya. Harusi ya saa 6 kwa kamera mbili, kila moja megabiti 50 kwa sekunde, ni GB 270. Kwa USB 2.0, yenye megabaiti kama 35 kwa sekunde, kunakili kunachukua zaidi ya saa 2. Hadidiski ileile kwenye USB 3.0, tuseme megabaiti 120, ni chini ya dakika 40. Tofauti hiyo inaweza kuwa ni tundu tu ulilochomeka, au waya wa zamani.

Ukishagundua kwamba shida ni kufungua picha, na kwa wengi wanaoediti 4K kwenye laptop ya kawaida itakuwa hivyo, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kueditia, halafu programu irudishe video za asili wakati wa kutoa kazi. Proksi za ProRes Proxy za 1080p, fremu 25 kwa sekunde, zinakula kama GB 17 kwa saa. Acha kompyuta izitengeneze usiku, umeme ukiwepo. Ila usipitilize. Ukigeuza 4K nzima kuwa ProRes 422, ni kama GB 221 kwa saa. Umeipumzisha prosesa, umeitwisha diski mzigo mara 5. Mzigo haujapotea, umehama bega.

Kile ambacho ushauri haugusi kabisa

Kosa langu kubwa ninaloliona katika “weka SSD tu”, kubwa kuliko yote, ni kwamba kasi imefanywa kuwa jambo pekee. Mtu anauza hadidiski yake ya zamani ili aongezee hela ya SSD, na sasa video ya harusi iko sehemu moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au diski ikifa (SSD nazo hufa, na mara nyingi hazigongi mlango kwanza), hakuna pa kurudi. Video inayochelewa wiki moja inaleta maneno. Video iliyopotea hairudishwi, maana harusi hairudiwi, na mazishi ndiyo kabisa.

Kwa hiyo fundi wa Mugoma mwenye hela ya kifaa kimoja, na kazi zake zote ziko kwenye diski moja, kifaa chake cha kwanza kinaweza kuwa hadidiski ya pili ya kawaida, ya polepole, ya kuweka nakala. Haitaongeza kasi hata kidogo, lakini itamwachia kitu cha kuwakabidhi wateja. Baada ya hapo apime, kisha anunue kile ambacho vipimo vimekitaja. Na safari nyingine mtu akikwambia “weka SSD tu,” muulize swali moja kwa heshima: “Ulipopima, diski ilikuwa asilimia ngapi?” Akiwa na jibu, msikilize.