Kabureta Mbadala kwa Injini ya Mipigo Miwili: Uchambuzi wa Uchaguzi Unaofanywa Golf, Lubumbashi

Injini ya pikipiki ya mipigo miwili haina bakuli la oili chini yake. Petroli iliyochanganyika na hewa hupita kwanza katika chumba cha krenkishafti, huko ikalowesha beringi, fimbo ya pistoni na ukuta wa silinda kwa oili iliyoichukua njiani, ndipo ipande juu ya pistoni kuchomwa. Kwa hiyo kila kinachopita katika kabureta ni chakula cha injini, na papo hapo ni sehemu ya kilainishi chake na kipoozi chake. Jambo hili ndilo linalofanya uchaguzi wa kabureta mbadala uwe mgumu kuliko unavyoonekana kwenye meza ya duka la vipuri, na ndilo linaloeleza kwa nini kabureta iliyoingia mahali pake bila shida, ikaiwasha injini kwa teke la kwanza na kuitoa mtaani kwa mlio mzuri, inaweza kuwa ndiyo itakayoyeyusha pistoni wiki chache baadaye.

Pikipiki zinazohusika hapa ni zile ambazo miradi ya afya, misheni na mashirika ya misaada yalizinunua kwa wingi kwa ajili ya barabara za vijijini za Kongo na nchi jirani, hasa Yamaha AG100, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 97, na Yamaha DT125, ambayo silinda yake ina kipenyo cha milimita 56, mwendo wa pistoni wa milimita 50, na ujazo wa sentimita 123. Nyingi zimekwisha kubadili mikono mara kadhaa, na zile zinazofika Golf, mtaa wa Lubumbashi uliopata jina kutokana na uwanja wa gofu, hufika zikiwa na kabureta iliyotumika kupita umri wake. Jiji lenyewe sasa linaendeshwa na pikipiki za mipigo minne kutoka India na China, ambazo ndizo zinazobeba abiria wa wale madereva wa pikipiki za kukodi wanaoitwa manseba. Kwa sababu hiyo anayekwenda soko la Kenya, mtaa wa jiji hilohilo, kutafuta kabureta huikuta meza imejaa vipuri vya injini zisizofanana na yake.

Kabla ya kununua chochote, swali linalostahili kuulizwa ni kama kabureta ya zamani imekufa kweli. Ndani yake kuna kizibo cha mviringo kinachopandishwa na uzi wa kishikio cha mafuta, ambacho mafundi wenye msamiati wa Kifaransa hukiita bwaso. Kikishikwa kwa vidole viwili ndani ya tundu lake na kutikiswa, kizibo kizima hutikisika kwa kiasi kidogo mno, lakini kilichochakaa hugonga kwa sauti inayosikika, na upande wake unaotazama injini huwa na utepe unaong'aa kama kijiko kilichosuguliwa kwa majivu. Mvuto wa injini umekuwa ukikivutia upande huo mamilioni ya mara huku vumbi jekundu la Katanga likifanya kazi ya msasa. Hewa isiyopimwa hupenya katika mwanya huo, na hakuna usafishaji wala jikleri mpya, yaani kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, inayoweza kuuziba. Tatizo likiwa ni boya lililotoboka, au vali yake yenye ncha iliyolika kiasi cha kuifurisha petroli, seti ndogo ya ukarabati inatosha, na pesa ya kabureta mpya ibaki mfukoni. Kizibo kinapogonga ndipo kabureta mbadala inapohitajika.

Mezani huwa kuna makundi matatu. La kwanza ni kabureta za pikipiki za mipigo minne zenye herufi PZ, ambazo ni rahisi, zinapatikana kila kona, na vipimo vyake vya nje humshawishi mnunuzi kwamba zitafaa. La pili ni nakala za Kichina za kabureta ya Keihin iitwayo PWK, ambayo kizibo chake kina umbo la herufi D na ambayo asili yake ni pikipiki za mashindano. La tatu ni familia ya VM ya kampuni ya Kijapani Mikuni, ya asili au ya kuigwa, ambayo kwa miaka mingi ilifungwa kiwandani katika pikipiki za Yamaha za mipigo miwili.

Kundi la kwanza linastahili kukataliwa, na sababu yake haionekani kwa nje. Katikati ya kila kabureta ya aina hizi kuna mrija mfupi wa shaba nyeupe au njano ambamo sindano iliyoning'inia kwenye kizibo hupanda na kushuka, na petroli hupita katika nafasi iliyobaki kati ya sindano na mrija. Katika injini ya mipigo minne mrija huo kwa kawaida hutobolewa vitundu vingi ubavuni, ili hewa iingie na kuichachua petroli kabla haijafika kooni. Katika injini nyingi za mipigo miwili, ambazo mvuto wake kooni husukasuka mbele na nyuma, mrija huo hauna vitundu vya namna hiyo, bali mdomo wake una ukingo uliosimama kama kofia, na hewa huingia kwa tundu moja tu. Mafundi huona dalili bila kujua chanzo chake: injini iliyofungwa PZ hukohoa petroli nyingi kwenye robo ya kishikio, kisha hukosa petroli kwenye nusu, na hakuna jikleri itakayoponya sehemu zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kasoro iko katika umbo la mrija.

Suala la pili, ambalo kwa uchambuzi huu lina uzito kuliko ukubwa wa koo, ni oili. Yamaha ilianza mwaka 1964 kuuza pikipiki zenye mfumo iliouita Autolube, yaani pampu ndogo inayozungushwa na injini na kusukuma oili kutoka tangi lake la pembeni, ili mwendeshaji asilazimike kuchanganya oili na petroli kwa mkono. Uzi unaotoka kwenye kishikio hugawanyika mara mbili chini ya tangi: tawi moja huenda kwenye kizibo cha kabureta na jingine kwenye gurudumu dogo la pampu, hivyo kadiri kizibo kinavyopanda ndivyo pampu inavyoongeza kipimo. Katika baadhi ya modeli mrija wa oili huingia moja kwa moja katika chuchu iliyo kwenye mwili wa kabureta. Mtu anayenunua kabureta isiyo na chuchu hiyo, kama zilivyo nakala nyingi za PWK, amenunua bila kujua uamuzi wa kuiacha pampu au wa kutoboa njia nyingine ya oili. Vilevile, kizibo cha kabureta ya milimita 28 husafiri karibu milimita 28 hadi kifunguke chote, ilhali cha milimita 24 husafiri 24. Uzi uleule ukifungwa kwenye kabureta kubwa, ama koo halitafunguka lote, ama alama za pampu hazitakutana tena na nafasi ya kizibo.

Wapo wanaolikata fundo hili kwa kuing'oa pampu na kuchanganya oili ndani ya tangi la petroli, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ina gharama ambazo hazitajwi dukani. Petroli ya kando ya barabara, inayouzwa kwa chupa na madumu na wauzaji ambao Wakongo huwaita kadhafi, hupimwa kwa jicho, na mwendeshaji aliye mbali na nyumbani bila chupa yake ya oili hutia petroli tupu. Tena, katika mchanganyiko huo karibu sehemu 4 kati ya kila 100 zinazopita katika jikleri ni oili, kwa hiyo petroli imepungua kwa kiasi hichohicho, na jikleri iliyokuwa sahihi wakati wa pampu sasa inatoa mchanganyiko mwembamba, yaani wenye hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Pampu iliyo nzima haipaswi kuuawa kwa ajili ya kabureta.

Ukubwa wa koo huwavutia wengi kwa sababu huonekana kama nguvu. Eneo la koo la milimita 28 linazidi la milimita 24 kwa asilimia 36, na hewa ileile ikipita katika mlango mpana zaidi hupunguza kasi. Kasi ikipungua, mvuto unaoinyonya petroli kutoka kwenye bakuli hupungua pia, hasa injini ikizunguka polepole. Pikipiki ya Golf hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikipanda njia zenye makorongo kwa gia ya kwanza na ya pili, ikiwa na gunia la makaa au abiria wawili nyuma, na huko nguvu ya chini ndiyo inayotafutwa. Kwa injini ya kazi yenye ujazo wa 123, koo la takribani milimita 24 linatosha; kwa AG100 linafaa kuwa dogo zaidi, na kipimo cha kuaminika ni kile kinachopatikana kwa kulipima koo la kabureta iliyotolewa, pamoja na kipenyo cha mdomo unaoingia katika mpira wa injini na umbali kati yake na mpira wa chujio.

Hivyo chaguo linaloelekea kushinda ni VM ya ukubwa uleule, yenye chuchu ya oili pale injini inapoidai, na ambayo jikleri zake zinapatikana. Jikleri ni skrubu ndogo ya shaba yenye tundu lililopimwa, na nambari iliyochongwa juu yake hudanganya mtu asiyejua lugha yake, kwa kuwa Mikuni huhesabu kwa kiasi cha petroli kinachopita na Keihin kwa kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita. Nambari 100 ya moja si 100 ya nyingine, na kuihamisha kutoka kabureta hadi kabureta ni kosa ambalo limegharimu pistoni nyingi. Kwa nakala za kuigwa hata nambari sahihi haitoshi, maana matundu yake mara nyingi hayakutobolewa kwa uangalifu. Fundi mwenye busara huchukua nakala kwa ajili ya mwili wake mpya, kisha hutia ndani yake jikleri, mrija na sindano za asili kutoka kabureta ya zamani, ikiwa nyuzi za skrubu zinakubaliana na vipande hivyo havijalika.

Kisha kuna hewa ya mahali. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya ujazo uleule ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 11; kwa kuwa kabureta haijui kupima uzito wa hewa, mchanganyiko hunenepa kwa kama asilimia 6, na mahali pa jikleri kuu ya 100 panaweza kuhitaji 95. Hesabu hiyo isichukuliwe kwa pupa, kwani joto nalo lina sauti yake: kati ya mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32 na alfajiri ya Juni yenye nyuzi 8, uzito wa hewa huongezeka kwa zaidi ya asilimia 8. Jikleri iliyochaguliwa kwa ukamilifu wa Oktoba itakuwa nyembamba wakati wa baridi. Katika injini ya mipigo miwili inafaa kuanzia juu na kushuka hatua kwa hatua, maana mchanganyiko mnene huleta moshi na plagi chafu, ilhali mwembamba huleta joto linaloifanya pistoni ing'ang'anie silinda.

Ufungaji una mitego yake. Mpira unaoiunganisha kabureta na injini, ukikunjwa kwa vidole, mara nyingi hufunua nyufa zilizojificha kwenye mikunjo, na hewa inayoingia hapo huzifanya hesabu zote zilizotangulia kuwa bure. Dalili yake ni injini inayoendelea kuzunguka kwa kasi kwa muda baada ya kishikio kurudishwa. Chujio dogo la wazi linalouzwa pamoja na kabureta mpya lisifungwe hata kama linapendeza. Vumbi la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hupita katika beringi za krenkishafti kabla ya kufika kwenye silinda, na sanduku la asili lenye sponji iliyolowekwa oili ndilo lililobuniwa kuzuia hilo.

Baada ya hapo pikipiki hupelekwa kwenye mwinuko, kishikio kikafunguliwa chote kwa gia ya tatu, kisha klachi ikashikwa na injini ikazimwa papo hapo, ili plagi, ambayo Lubumbashi huitwa buji, itolewe ikiwa na rangi ya mwendo huo na si ya mwendo wa taratibu uliofuata. Kaure nyeupe kama chokaa hudai jikleri kubwa zaidi bila kusubiri. Nyeusi yenye unyevu hudai ndogo. Rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa huruhusu kazi iendelee kwenye sindano na skrubu ya hewa. Tangi la kwanza la petroli huchanganywa na oili kidogo hata pampu ikiwepo, kwa sababu mrija wake ulipofunguliwa uliingiwa na hewa, ambayo hutolewa kwa skrubu ya pampu hadi mapovu yakome. Na kwenye tangi la oili hubandikwa kipande cha utepe katika usawa wa siku ya kwanza, ili ijulikane, utepe ukibaki juu ya oili baada ya safari za kwenda mjini na kurudi, kwamba pampu inaishusha.