Mchoraji Si Kibarua wa Mwandishi

Vitabu vyetu vingi vya watoto vina ugonjwa mmoja: maneno hayaiamini picha. Mwandishi anasema yote, halafu mchoraji anaambiwa ayarudie yaleyale kwa rangi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Maneno yanasema Juma alivaa shati jekundu akapanda juu ya mwembe. Ukitazama picha, Juma huyo juu ya mwembe na shati lake jekundu. Sasa mtoto kasoma nini hapo? Badilisha kidogo. Picha ibaki ileile, ila maneno yaseme: "Juma! Uko wapi wewe mtoto?" Mama aliita mara tatu. Mtoto atacheka, kwani anajua jambo ambalo mama halijui. Atafunua ukurasa wa pili bila kusukumwa na mwalimu. Hapo ndipo kitabu cha picha kinapoanza, jamani.

Mimi ndoto yangu ni riwaya, lakini tangu nijaribu hadithi za watoto nimeona kwamba hii ni shule ngumu zaidi. Kwenye riwaya ukikosea ukurasa mmoja unaweza kujificha kwenye mia mbili zilizobaki. Kitabu cha picha mara nyingi kina kurasa 32 tu, kwa sababu mtambo huchapa karatasi kubwa ambayo hukunjwa ikawa kurasa 16, na mbili zinatosha kitabu. Toa za jina la kitabu na haki za mchapishaji. Ubaki na ngapi za kupiga porojo?

Anayetaka kuona jambo hili likifanyika amtazame John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga. Yeye anaandika na kuchora mwenyewe. Katika hadithi yake ya samaki wabichi, iliyotolewa kwa Kiingereza na Groundwood Books ya Toronto mwaka 2005, wanyama wamevaa nguo kama watu wa mtaani kwetu. Mbwa anamwibia Sokwe samaki, anashtakiwa, na adhabu yake ni kupanda miti. Fundisho lipo, tena zito, lakini limo ndani ya tendo. Hakuna babu anayetokea mwishoni kutuambia kwamba wizi ni mbaya.

Najua nitajibiwa: mwalimu anataka fundisho, na mchapishaji anataka kitabu kinachouzika shuleni. Sawa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulisaidia vitabu vipatikane kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, na ukawafunza waandishi na wachoraji. Wakati huo kitabu kuwepo tu ilikuwa sherehe. Lakini watoto waliosoma vitabu vile sasa ni wazazi, na hatuwezi kuendelea kupiga makofi eti kwa sababu kitabu kipo. Mtoto anayechoshwa na kitabu chake cha kwanza hatakuja kuisoma riwaya yako, wala yangu.

Tena tazama majalada. Jina la mwandishi liko mbele kwa herufi kubwa. La mchoraji mara nyingi ulitafute ndani, kwa maandishi ya sisimizi. Mtu aliyebeba nusu ya hadithi anahesabiwa kama fundi wa kupaka rangi ukuta! Mimi nasema ajulikane kuwa mwandishi mwenza, na hata malipo yaseme hivyo.

Basi, chipukizi mwenzangu, kabla hujapeleka muswada popote, chukua karatasi nane za kawaida, zikunje katikati, zibane pini. Tayari una kurasa 32. Gawa hadithi yako humo, kisha kaa na rafiki anayejua kuchora. Kila atakachoweza kukionyesha kwa penseli, wewe kikate. Yatakayobaki ndiyo maneno yako.