Konyezo la Saba

Nyuma ya kioo cha picha kinachosimama kichwani mwa mashine ya pinboli kuna bodi ya saketi, na kwenye bodi hiyo kuna taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama. Mchezaji anaweza kuzeeka bila kuiona. Fundi ndiye anayeijua. Mashine ikiwashwa, taa hiyo inapepesa mara moja kwa haraka, kisha inaanza kukonyeza: moja, mbili, tatu. Fundi amesimama, mkono mmoja umeshika mlango wa kisanduku, midomo inahesabu bila sauti. Nne. Tano. Sita. Halafu analisubiri la saba, na ustadi ninaotaka kuusifu umejificha humo, katika kusubiri.

Kwa asiyewahi kuiona, pinboli ni meza iliyoinama kidogo, imefunikwa kioo, na ndani yake gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi inateremka ikigonga shabaha, nguzo na kengele. Mchezaji ana vitufe viwili ubavuni. Kila kimoja kinarusha kikono kiitwacho flipa, na kwa vikono hivyo anaizuia gololi isitumbukie shimoni. Flipa ziliingia mchezoni mwaka 1947 na mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty. Gottlieb, Bally na Williams, majina makubwa ya biashara hii, yote yalikuwa ya Chicago, na kutoka huko mashine zilisambaa kwenye baa na kumbi za michezo za Marekani na Ulaya. Leo nyingi zimestaafu. Zimo katika vyumba vya chini ya nyumba na magereji ya watu wanaozipenda, na mwenye mashine amelazimika kuwa fundi wake mwenyewe, maana wale waliokuwa wakizunguka baa na baa na sanduku la vifaa wamezeeka.

Nitachukua moja tu, Eight Ball ya Bally, ya mwaka 1977. Zilitengenezwa 20,230, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka ilipokuja The Addams Family ya 1992, ambayo iliipita kwa mashine 40 tu. Eight Ball ilizaliwa wakati wa kuhama. Kabla ya kuhama huko pinboli zilifikiri kwa rilei: mamia ya vigusio vikifunga na kufunguka, mota ikipanga mapigo, koili zikisukuma magurudumu ya alama, na fundi mwenye sikio zuri aliweza kujua ugonjwa kwa kusikiliza tu mlio uliokosekana. Nawakumbuka mafundi redio wa kizamani waliokuwa wakiinamisha sikio kwanza kabla ya kugusa bisibisi. Wangeelewana na mashine zile bila mkalimani. Kisha ikaja prosesa ya Motorola 6800, na mashine ikaanza kufikiri kimyakimya. Wahandisi wa Bally, na hapa nawavulia kofia, waliona kwamba kitu kisichotoa sauti kinahitaji namna nyingine ya kusema kinaumwa wapi. Wakaweka ile taa.

Kupepesa kwa mwanzo kunasema prosesa imeamka. Konyezo la kwanza linasema chipu zenye sheria za mchezo zimesomeka. La pili na la tatu ni ya kumbukumbu mbili: ile inayosahau kila kitu umeme ukizimwa, na ile inayolindwa na betri ili alama ya juu isipotee. La nne na la tano ni chipu mbili zinazosema na ulimwengu wa nje, yaani swichi, taa, koili na tarakimu. La sita ni saketi ya saa inayohimiza tarakimu ziendelee kuonekana. Uzuri wake ni mpangilio. Makonyezo yakiishia matatu, hakuna sababu ya kugusa chipu za kumbukumbu, zimeshajibu zilipoitwa. Tatizo liko kwa aliyeitwa wa nne akakaa kimya, au njiani kwake. Na taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, prosesa haikuamka kabisa, kwa hiyo fundi anarudi nyuma zaidi, kwenye volti 5 zinazoilisha.

Fundi asiye na subira huanzia dukani. Anasoma dalili moja, anaagiza bodi nzima, anaichomeka, na ikiwa mashine haikupona anaagiza nyingine. Mara nyingine inapona, na huo ndio ubaya wake, kwa sababu hatajua kamwe kilichoiponya, na chanzo kikiwa bado kimo ndani kitakula bodi mpya kama kilivyokula ya zamani. Fundi ninayemsifu hufanya jambo linaloonekana kama uvivu. Anachomoa plagi za waya, moja moja, mpaka kila bodi inabaki peke yake. Anawasha umeme na kupima sehemu ya umeme tu, ikiwa haijabeba mzigo wowote. Anaandika namba kwenye karatasi. Anazima, anarudisha plagi moja, anawasha, anapima tena. Kila safari anaiuliza mashine swali moja lenye majibu mawili tu, ndiyo au hapana.

Fyuzi haiaminiwi kwa macho. Uzi wake unaweza kuonekana mzima kumbe umekatika ndani ya kofia ya chuma, mahali macho hayafiki. Kwa hiyo inatolewa kwenye kishikio na kupimwa ikiwa nje, maana ikipimwa ikiwa ndani mita inaweza kupata njia nyingine ya kuzunguka na kutoa jibu la uongo. Kisha anakitazama kishikio chenyewe: kimelegea? kimebadilika rangi ya kahawia kwa joto? Na anasoma namba iliyochapwa kwenye fyuzi, kwa sababu katika umri wa mashine hii wa karibu nusu karne lazima kuna mtu aliwahi kuchoka fyuzi kuungua kila siku akaweka kubwa zaidi, na kuanzia siku hiyo kilichokuwa kinaungua ni kitu kingine.

Hata volti 5 zina adabu yake ya kupimwa. Ukizipima pale zinapotoka utaziona zimetimia, ukaridhika. Fundi huzipima kwenye miguu ya chipu yenyewe, penye mlaji na si penye mpishi, maana kati yao kuna waya, plagi na pini zilizochakaa, na kila mmoja njiani anaonja kidogo. Chipu iliyoandaliwa 5 ikapata 4.6 haifi. Inaropoka.

Halafu kuna betri. Ile inayolinda kumbukumbu ni ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6, imelehemiwa palepale kwenye bodi, na ikiachwa miaka mingi inavuja maji makali yanayoteremka taratibu juu ya shaba. Bodi inageuka kijani. Njia nyembamba za shaba zinaliwa, soketi za chipu zinaota kutu ndani ambako hakuna brashi inayofika. Kusafisha ni kazi ya mchana mzima: betri inakatwa na kutupwa, sehemu iliyoumia inapakwa siki iliyochanganywa na maji ili kuua ukali wa magadi yale, inasuguliwa, inaoshwa kwa maji, inapitishiwa spiriti, inaachwa ikauke. Kisha fundi anachukua mita na kupita njia moja moja, kutoka mguu wa chipu hii mpaka mguu wa chipu ile, akisikiliza mlio. Njia isiyolia inafungwa waya mwembamba juu yake. Hii ni kazi isiyo na ufundi wowote wa kujionyesha. Ni kama kuchambua mchele, punje kwa punje, na ukiruka sehemu, jiwe utalikuta kwenye jino.

Tuseme basi makonyezo sita yametokea. La saba halipo.

Hapa ndipo wengi huaibika. Sita kati ya saba ni dalili ya bodi karibu nzima, hivyo mkono unakimbilia chipu ya mwisho. Lakini la saba haliulizi habari za chipu. Koili za mashine hii, zile zinazorusha gololi na kupiga kengele, zinatumia volti 43 ambazo zimegeuzwa kuwa mkondo wa upande mmoja bila kulainishwa, kwa hiyo zinapanda na kushuka hadi sifuri kwa kila mdundo wa umeme wa nyumba. Kwa Marekani yenye umeme wa hezi 60 zinafika sifuri mara 120 kwa sekunde. Kwetu wenye hezi 50 ingekuwa mara 100. Kompyuta inausikiliza mdundo huo na kuutumia kama ngoma ya kupangia wakati wa taa na koili. Konyezo la saba linasema: nimeisikia ngoma. Lisipokuja, huenda bodi ni nzima kabisa na kilichokufa ni fyuzi ya laini ya volti 43, pembeni kabisa, kitu cha bei ya pipi. Bodi iliyotolewa na kuwashwa juu ya meza ya fundi kwa volti 5 na 12 tu itakonyeza mara sita na kusimama hapo. Anayejua hutabasamu, anaizima, anaanza kukunja waya.

Sitakawia kwenye hatari ila kusema kwamba tarakimu za rangi ya chungwa za mashine hizi zinakula volti karibu 190, na kapasita zake zinabaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Fundi mzuri hupima akiwa na mkono mmoja mfukoni.

Mashine ikishaamka yanaanza matatizo ya hila, na ninalolipenda kuliko yote ni swichi ya mzuka. Swichi za Eight Ball haziendi kila moja na waya wake hadi kwenye kompyuta. Zimepangwa kama madaftari kwenye kabati la shule, safu kwa mistari, na kompyuta inaita safu moja baada ya nyingine ikiuliza nani yupo. Kila swichi ina dayodi yake ndogo inayohakikisha jibu linakwenda upande mmoja. Sasa dayodi moja ikipiga shoti, hakuna linalotokea. Mashine inacheza vizuri tu. Mpaka siku swichi tatu zilizo kwenye pembe tatu za mstatili zifunge kwa pamoja: mkondo unazunguka kwa mlango wa nyuma, na kompyuta inaona pembe ya nne nayo imefunga, ingawa hakuna gololi iliyoigusa. Mchezaji anapewa alama ambazo hakuzifanyia kazi. Mwenye mashine anailaumu swichi ya nne, anaisafisha, anaibadilisha, na haina kosa. Aliyekosea ni jirani yake.

Fundi anachora kabati lile kwenye karatasi, anatia alama swichi tatu zilizokuwa zimefunga wakati wa kisa, na mstatili unajionyesha wenyewe. Kisha anapima dayodi: upande mmoja mita isome nusu volti au zaidi kidogo, upande wa pili isisome kitu. Isomapo pande zote mbili, amempata. Dayodi mpya, tone la risasi, basi. Saa mbili za kufikiri, dakika tatu za kulehemu. Uwiano huo ndio ninaoutumia kuwatambua mafundi wazuri.

Mkono nao una elimu yake. Vigusio vya swichi hizi vimepakwa dhahabu nyembamba, na anayevikwangua kwa tupa ameimaliza kazi yao siku hiyohiyo. Vinasafishwa kwa kipande cha karatasi ngumu safi: unaviminya vishike karatasi kidogo, unaivuta, mstari mweusi unabaki juu yake. Lakini kigusio cha flipa, chenye kubeba mkondo mkubwa, ni cha chuma kigumu na hicho kinataka tupa hasa. Flipa ina koili mbili katika moja, ya waya mnene ya kupiga na ya waya mwembamba ya kushikilia. Kikono kikifika mwisho kinakisukuma kigusio kifunguke, na mkondo unalazimika kupita kwenye waya mwembamba. Kigusio kikichafuka, flipa inakuwa dhaifu. Kisipofunguka, koili inachemka mpaka harufu ifike jikoni.

Na koili ikijibana yenyewe mara tu umeme unapowashwa, transista inayoiendesha imepiga shoti. Haraka inasema badilisha transista. Subira inasema pima koili kwanza, na dayodi iliyo mgongoni mwake, kwa sababu koili iliyoungua hadi kubaki chini ya omu 2 hivi, au dayodi iliyokatika mguu, itaiua transista mpya kabla hujarudi kukaa.

Yanabaki matatizo yanayokuja na kuondoka. Kwa haya fundi huchukua kioo cha kukuzia na kutazama pini za bodi, moja moja, kwenye mzizi wa risasi. Miaka ya kuchomeka na kuchomoa, ya joto na baridi, hupasua risasi hiyo kwa duara, pete nyembamba kabisa kuzunguka pini. Saketi ikiwa baridi pete inagusana, ikipata joto inaachana. Dawa yake ni kuiyeyusha upya kwa risasi mpya, lakini dawa si kitu. Kuiona pete ndiyo kazi. Wengine hugongagonga bodi kwa mpini wa mbao wa bisibisi mashine ikiwa inawaka, taratibu kama daktari kifuani, hadi taa ishtuke.

Akishamaliza hachezi. Anaiacha mashine ikiwaka saa nzima, kioo cha juu bado kimeegemezwa ukutani, anaenda kula. Anarudi, anaizima, anasubiri kidogo, anaiwasha. Anafungua mlango wa kisanduku, anahesabu.