Wepesi na Hadhira Yake: Mamma Mia! na Mabanda ya Video ya Kibera na Kawangware

Uhakiki wa fasihi nchini Kenya umezoea kuiuliza kazi ya sanaa swali moja kabla ya mengine yote: inafunza nini? Swali hilo likielekezwa kwa filamu ya Mamma Mia! (2008), iliyoongozwa na Phyllida Lloyd, jibu ni fupi mno. Binti anayekaribia kuolewa katika kisiwa cha Ugiriki anasoma shajara ya mamake, anatambua kwamba babake huenda ni mmoja wa wanaume watatu, na anawaalika wote harusini kwa siri. Watu wazima wanarukaruka kitandani kama watoto, na Pierce Brosnan anaimba kwa sauti ambayo ingemtoa mapema katika tamasha lolote la muziki la shule. Hata baba halisi hajulikani hadi mwisho.

Kasoro, hata hivyo, imo katika swali. Nyimbo za ABBA zilikwisha kuimbwa na kuzoeleka tangu miaka ya sabini. Catherine Johnson alizitungia kisa baadaye, na mchezo ukaonyeshwa jukwaani London mwaka 1999. Kisa hapa ni uzi, nyimbo ndizo shanga, na hakuna avaaye ushanga akalaumu uzi kwa wembamba. Mtambaji wa ngano anajua jambo hili. Hadhira yake huujua wimbo kabla haujafika, huungojea, na utamu wa usiku ule ni kuitikia.

Mabanda ya video ya Kibera na Kawangware yamelea hadhira ya namna hiyo hiyo. Mtazamaji aliyekulia kwenye mabenchi yale, akitazama filamu za Kihindi, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu aache mazungumzo ghafla akaimbe mlimani. Wala hadai uaminifu kwa matini. Msimulizi kama DJ Afro hafasiri neno kwa neno. Huisimulia filamu upya kwa Kiswahili na Sheng, akaitia utani wake, na watu hucheka kwa alichokitia kuliko kwa kilichokuwemo.

Ajabu ni kwamba hadhira hii, iliyo hodari wa kucheka, haionyeshwi ikicheka. The Constant Gardener (2005) ilipiga picha Kibera na kuionyesha kama makao ya maradhi na hila za wauza dawa. Togetherness Supreme (2010), iliyoshughulikia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilikuwa na haki kamili ya kuwa nzito. Lakini uzito ukifanywa sharti, maskini hunyimwa jambo ambalo tajiri hulipata kwa bei ya tikiti: saa mbili za upuuzi uliotengenezwa kwa ustadi. Mhakiki anayesema kwamba Kawangware inahitaji sanaa ya kuzindua tu hajaiuliza Kawangware.

Ni kweli kwamba Mamma Mia! haiwezi kufanya kazi yake yote pale. Asiyekulia na ABBA hana cha kuitikia, na filamu hubaki uzi mtupu. Shanga za Nairobi ni zilizopendwa: "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, ambao kundi la The Tremeloes liliuimba Uingereza mwaka 1968, "Malaika", ambao Boney M. waliurekodi mwaka 1981. Mwandishi wa filamu akitaka kisa chepesi cha posa mbili zinazogongana Kawangware, nyimbo anazo, na bibi na mjukuu watazijua pamoja.

Hapo linazuka tatizo ambalo si la fani. Benny Andersson na Björn Ulvaeus, watunzi wa nyimbo za ABBA, walikuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa filamu hiyo. Walizitoa nyimbo zao wenyewe na kushiriki mapato. "Malaika" ulijulikana kwa sauti ya Fadhili William, lakini Adam Salim naye alidai kuwa ndiye mtunzi, na mzozo huo uliwapita wote wawili. Mzalishaji wa filamu ya zilizopendwa atalazimika kujua amlipe nani kabla ya kujua nani amwoe nani.