Sauti Inayojua Kunyamaza

Kijana wa Iguguno anayetaka kutazama anime, yaani katuni za Kijapani, ana njia tatu: sauti ya Kijapani yenye maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, sauti ya Kiingereza, au muvi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na DJ, ya kuwekewa kwenye flashi. Wengi huchagua lugha wanayoielewa. Ni haki yao, ila lugha peke yake haikuambii kama kazi ni nzuri. Kipimo changu cha kwanza ni ukimya.

Tazama Spirited Away ya Hayao Miyazaki, ya 2001. Msichana Chihiro anafika darajani, mbele yake limesimama jengo kubwa linalofuka moshi. Kwa Kijapani hatuelezwi hapo jengo ni la nini. Tunashangaa pamoja naye. Toleo la Kiingereza la Disney, la 2002, likamtia mdomoni maneno ya kutuambia kuwa ni nyumba ya kuogea. Mwishoni, familia inapoondoka na gari, likaongeza mazungumzo ya baba na binti kuhusu makazi mapya na shule mpya, ambayo Kijapani hakina. Sauti zenyewe ni za waigizaji hodari, lakini mtazamaji hakuaminiwa, na filamu imepungua.

Kipimo cha pili ni sauti yenyewe: fumba macho usikilize. Masako Nozawa, mwanamke aliyezaliwa 1936, ni sauti ya Goku wa anime ya Dragon Ball tangu 1986, na ndiye sauti ya wanawe Gohan na Goten pia. Wasikilize wakizungumza wao kwa wao. Koo ni moja, watu ni watatu, na huwachanganyi.

DJ wetu namweka kwenye mzani huohuo, maana naye hubeba wahusika wote kwa koo moja. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ni miongoni mwa walioijenga kazi hii kwenye mabanda ya video nchini Tanzania. DJ mzuri hushusha sauti ya asili badala ya kuizima. Hueleza ugomvi umetoka wapi kabla panga halijachomolewa, halafu huacha mapanga yaongee. Mbovu huwasalimia washkaji zake katikati ya msiba, na huyo sina subira naye hata kidogo.

Midomo isiyolingana na sauti isikusumbue sana. Anime nyingi hutiwa sauti baada ya kuchorwa, na mdomo hufunguliwa na kufungwa tu. Filamu ya Akira ya 1988 ni tofauti: sauti zilirekodiwa kwanza, michoro ikazifuata. Hiyo itazame kwa Kijapani.

Kwa anayeanza, asiyesoma Kiingereza upesi kwenye skrini ya simu, DJ mzuri namweka mbele ya sauti ya Kiingereza. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuchezeshee kipande. Atakuonyesha pambano, maana ndilo linalouza. Mwambie apeleke mbele hadi mahali mtu analia, usikie DJ anafanya nini.