Alkini au Alkaini? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa jambo moja: je, humfikisha msomaji kwenye kitu chenyewe, au humwacha njiani? Kipimo hiki ndicho kinachotumiwa hapa kuyahakiki majina ya jamii ya haidrokaboni ambazo ndani yake atomi mbili za kaboni zimefungamana kwa vifungo vitatu. Mwakilishi mashuhuri wa jamii hiyo ni asetilini, gesi ambayo mafundi wa jua kali wa Migori na Homa Bay huijua kwa kazi yake. Kabaidi hutiwa majini, gesi hutoka na chokaa hubaki. Gesi ikichanganywa na oksijeni, mwali wake huzidi nyuzi 3,000 za Selsiasi na kuyeyusha chuma cha plau iliyovunjika.

Anayekopa majina ya jamii hizi ana njia mbili. Ya kwanza ni kufuata matamshi ya Kiingereza. Hapo jamii ya kifungo kimoja huwa alkeni, ya viwili alkini, na ya vitatu alkaini. Ya pili ni kufuata maandishi, nayo huzaa alkani, alkeni na alkini. Kila njia ikitazamwa peke yake haina ila. Taabu huzuka zinapokutana, kwani “alkini” ya njia ya kwanza ina vifungo viwili, na ya njia ya pili ina vitatu; “alkeni” nayo huhama vivyo hivyo.

Migori ni mahali ambapo makutano hayo ni rahisi kutokea. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kemia kwa Kiingereza, na sikio lake limezoea matamshi. Akivuka kutoka Isebania kwenda Sirari, yumo Tanzania, nchi ambayo sayansi ya shule za msingi imefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Akikifungua kitabu kilichofuata maandishi, atasoma neno analolidhania kulijua, na atakosea bila kujua kwamba amekosea.

Wako watakaosema kwamba huu ni ugomvi wa wanasarufi, na kwamba irabu moja haimdhuru mtu. Hoja hiyo haisimami. Ethilini, yenye vifungo viwili, hutolewa na ndizi zenyewe zinapoiva. Asetilini huiga tendo hilo, na ndiyo sababu wafanyabiashara wengine huivisha matunda kwa kabaidi, ingawa kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi yenye sumu. Basi sokoni gesi hizi mbili hufanana. Karakanani hazifanani hata kidogo. Asetilini ikikaa na shaba nyekundu huweza kuunda kampaundi inayolipuka kwa kuguswa tu. Tena ikishindiliwa peke yake huweza kulipuka hata pasipo hewa. Kwa hiyo mtungini huyeyushwa katika asetoni, ndani ya kitu chenye vitundu vingi. Fundi anayeunga mpira wa gesi kwa kipande cha bomba la shaba anahitaji onyo lenye jina lisilo na utata.

Hata neno “kifungo” lina mtego wake. Msemaji wa Kiswahili hudhani kwamba kilichofungwa mara tatu ni kigumu kuingilika kuliko kilichofungwa mara moja. Ni kweli kwamba vifungo vitatu kwa pamoja vina nguvu zaidi. Lakini viwili kati yake hufunguka kwa urahisi, na molekuli moja ya asetilini huweza kupokea molekuli mbili za bromini, ambapo ethilini hupokea moja tu.

Suluhisho lililo jepesi ni kuliacha kabisa neno “alkini”. Kiishio -ini kimekwisha kubeba mzigo wa klorini, bromini na iodini, na majina ya kale ya asetilini na ethilini hukitumia sawasawa ingawa jamii zao ni mbalimbali. Utatu wa alkani, alkeni na alkaini huchanganya njia mbili, na kwa hiyo hauwapendezi wapenda utaratibu. Hata hivyo hutenga vizuri zaidi, na alkaini hubaki na maana moja tu. “Alkeni” itahitaji maelezo kwa muda, hasa kwa aliyezoea matamshi.

Wakati huo huo, kamusi isitosheke na kutoa jina na fomula, C₂H₂. Iseme pia kwamba gesi hii huzaliwa na kabaidi na maji, kwamba ile ya kabaidi hunuka mithili ya kitunguu saumu kwa sababu ya uchafu uliomo, na kwamba haipatani na shaba nyekundu. Fundi wa Homa Bay aisomapo fasili hiyo ataitambua gesi yake. Na hapo istilahi itakuwa imefika.